Maman Rolande na Daftari la Kasi: Miaka Kumi na Saba Kwenye Tuneli ya La Perdrix

Alhamisi, tarehe 30 Juni 2016, saa kumi jioni, Maman Rolande M'Namegabe atafunga kabati lake katika Klabu ya Shabaha La Perdrix, hapa Forest, Brussels, na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka kumi na saba na miezi mitatu ya utumishi, siku za ugonjwa zikiwa nne tu, na mbili kati ya hizo anadai hakuumwa yeye, aliumwa mumewe.

Ukurasa wa Kifaransa wa programu hii ya sherehe ya kumuaga umeandikwa na mkurugenzi wetu, Madame Yolande. Una tarehe zote na vyeo vyote, na umepangwa vizuri kama droo ya soksi. Huu wa Kiswahili nimeachiwa mimi, Burhani, fundi wa jengo. Sababu ya kwanza ni kwamba wageni wengi wa Maman leo wametoka kwenye kwaya yake ya mtaa wa Koekelberg, nao Kiswahili ndicho kinachowashukia moyoni. Sababu ya pili ni kwamba tangu nifike hapa, Maman huniambia Kiswahili changu cha Bujumbura ni Kiswahili cha redio. Haya basi, Maman, redio imefunguliwa, na leo huwezi kuizima.

Maman Rolande alizaliwa Bukavu mwaka 1951. Kwa miaka ishirini alifundisha hesabu katika lise, shule ya sekondari, ya wasichana, na ukikutana na mwanafunzi wake yeyote pale Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, utamtambua: anahesabu chenji mara mbili na hasahau kusema asante. Mwaka 1997 alifika Brussels na mumewe, Papa Anaclet, wakiwa na masanduku mawili na diploma moja. Masanduku yalipokelewa. Diploma ilizungushwa ofisi saba, ikarudi na mihuri mingi na jibu moja: haitambuliki. Mwezi Machi 1999 akaajiriwa La Perdrix, saa nne kwa siku, kama mfanya usafi. Mkataba wake ulitaja ndoo, ufagio, madirisha na vikombe vya kahawa. Bunduki hazikutajwa, na yeye hakuziulizia.

Kwa wageni ambao hawajawahi kushuka chini kwetu, nieleze kidogo. Jengo hili lilikuwa kiwanda cha bia, na kwenye sela yake ndefu ya chini ya ardhi, mahali pa mapipa, sasa kuna tuneli ya kulengea shabaha. Wanachama wetu wengi hawanunui risasi zilizokwisha tengenezwa. Wanaokota maganda yao yaliyokwisha kutumika, wanayasafisha, wanayawekea kiwashio kipya kwenye kitako, wanapima baruti kwa mizani ndogo kama ya sonara, halafu wanapachika kichwa cha risasi juu. Ni kazi ya subira, na hufanywa na watu ambao wake zao wamechoka kuwaona nyumbani.

Kabla ya kufyatua, huiuliza kompyuta: kwa baruti hii, na mtutu huu, risasi itatoka na kasi gani? Kompyuta inajibu bila kusita. Kisha wanafyatua juu ya mashine yenye macho mawili, risasi inapita jicho la kwanza, inapita la pili, na mashine inasema kasi ya kweli, mita ngapi kwa sekunde. Kasi ya kompyuta na kasi ya mashine hazipatani mara nyingi, na hapo ndipo ugomvi wa wazee wenye pensheni huanza.

Mwaka 2001 Maman alikuwa akifagia maganda chini ya meza huku juu ya kichwa chake wanaume watano wakibishana mbele ya ubao. Wamesimulia mara nyingi na kila mmoja anasimulia vyake, lakini wote wanakubaliana kwamba aliinuka, ufagio mkononi, akasema kwa Kifaransa kizuri cha darasani kwamba wastani wao umekosewa, maana wamejumlisha namba kumi wakagawanya kwa tisa. Aliyekosea alikuwa Monsieur Jean-Pierre, mwanachama wetu wa Koekelberg, mhandisi mstaafu, mtu wa kofia na kompyuta ya mapajani. Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu. Halafu akamkabidhi chaki.

Kuanzia siku ile Maman akawa mtunza daftari la kasi. Kwenye mkataba aliendelea kuwa mtu wa ndoo. Kwenye tuneli alikuwa mwalimu. Na mwalimu akaleta desturi yake. Mwanachama yeyote anayetaka kupimiwa sharti kwanza aandike kwenye kikaratasi kasi aliyopewa na kompyuta, akikunje, akitumbukize kwenye kopo la biskuti za spekulo. Hapo tu ndipo anaruhusiwa kufyatua. Maman anasoma mashine kwa sauti, namba zote kwa Kifaransa cha hapa, huit cent nonante, huit cent nonante-deux, yaani mia nane na tisini, mia nane na tisini na mbili, kisha anafungua kopo mbele ya wote. Ukipishana na mashine kwa zaidi ya mita ishirini, unaosha vikombe vya kahawa vya siku nzima.

Jamani, vikombe vimeoshwa na watu wazito katika nchi hii! Tulimwona hakimu mmoja amekunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko. Tulimwona daktari wa meno akiuliza sabuni iko wapi. Maman alisema sababu ni moja: mtu akishaiona namba ya mashine, ghafla anakumbuka kwamba hata yeye alikuwa amewaza hivyohivyo. Wasichana wa Bukavu walimfundisha hilo, na wazee wa Brussels wakathibitisha.

Hakuwacheka walioshindwa. Bon, aliwacheka kidogo. Lakini aliwaambia kila mara kwamba tofauti kati ya kilichokokotolewa na kilichopimwa haiji kumtukana mtu, inauliza swali, na swali linajibiwa kwa kutafuta. Monsieur Jean-Pierre alipishana na mashine kwa miezi minane mfululizo, kompyuta yake ikiwa juu siku zote, naye akailaumu mashine, baruti, unyevu wa sela, na hata treni zinazopita stesheni ya Midi. Siku moja Maman akatoa kwenye mkoba wake futi ya cherehani, ile ya kupimia vitenge, akamwomba apime mtutu wa bunduki yake. Ulikuwa mfupi kwa sentimita sita kuliko alivyoiambia kompyuta. Alikuwa amenakili urefu kutoka kwenye kijitabu cha dukani, na kijitabu kilikuwa cha bunduki nyingine. Miezi minane ya vikombe! Mikono yake ilikuwa misafi kuliko ya daktari wa meno.

Kulikuwa pia na yule mwanachama, jina lake naliweka mfukoni, ambaye wakati wa baridi alikuwa akiacha boksi lake la risasi juu ya radieta ya kupashia joto baa saa nzima, kwa kuwa baruti yenye joto hukimbia zaidi na ingemsogeza karibu na hesabu yake. Maman alikuja na kipimajoto cha homa. Akakitia ndani ya boksi, akasoma, akatangaza mbele ya baa yote kwamba mgonjwa ana trente-huit, digrii thelathini na nane, na hawezi kufyatua leo.

Watu huuliza, na kwaya imeuliza zaidi ya wote: je, Maman mwenyewe anapiga? Hapana. Miaka kumi na saba katika nyumba ya bunduki, hajafyatua hata moja, na hajawahi kuishika bunduki isipokuwa kwa macho. Nilimuuliza mara moja tu, na akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kivu, bila kuacha kukunja kitambaa: "Masasi nilishasikiaka ya kunitosha, Burhani. Hapa miye napima tu. Kitu ukishakipima hakikutishe sana." Sikuuliza tena. Na mimi ni mtu wa Buyenzi kule Bujumbura, zile sauti za risasi nazijua.

Hapo sasa nifike kwenye majira ya baridi ya mwaka 2010, ambayo ukurasa wa Kifaransa umeyapa mstari mmoja: "kusitishwa kwa muda kwa vipimo". Mstari mmoja! Madame Yolande ni mwungwana na hakutaka kurefusha. Mimi nitarefusha, kwa sababu nilikuwemo.

Niliajiriwa Septemba 2009, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, kadi ya muda ya rangi ya chungwa, na mke wangu Rukiya na watoto wawili waliobaki Bujumbura. Faili langu la ukaazi lilikuwa kwa wakubwa. Wakili wangu, mama mmoja mwenye haraka, alikuwa ameniambia waziwazi kwamba faili lile limesimama juu ya mguu mmoja tu, na mguu huo ni mkataba wa La Perdrix. Nikifukuzwa kabla jibu halijatoka, faili linaanguka, na Rukiya hataiona Ubelgiji ila kwenye simu. Kwa hiyo nilifanya kazi kwa bidii ya kutisha. Nilifunga hata bawaba ambazo hazikuwa zimelegea.

Mwaka ule balbu za zamani zilikuwa zimeanza kuondolewa madukani Ulaya nzima, na Madame Yolande akaamua tuweke taa za kubana umeme. Akanipa orodha ya taa kumi na mbili: korido, vyoo, baa, ngazi. Duka huuza kwa pakiti za tano tano, nikarudi na kumi na tano. Nilipomaliza kumi na mbili, zikanibaki tatu mkononi, na bidii ikanipanda kichwani. Nikakumbuka taa mbili zilizo juu ya mashine ya kasi, ndani ya vile vibuyu vya glasi ya ukungu. Chini yake palibandikwa kikaratasi chenye mwandiko wa Maman: tafadhali usiguse. Nikakisoma. Nikafikiri anaogopa alama za vidole kwenye glasi. Nikavaa glavu.

Ndiyo, cheka. Nilivaa glavu, nikazibadilisha zote mbili, nikafunga vibuyu, nikashuka ngazi nikijiona fundi wa dunia. Maman alikuwa likizo Liège, kwenye harusi ya mpwa wake.

Kumbe ile mashine huona risasi kwa mwanga tu. Risasi inapita, inaziba mwanga kidogo, jicho linashtuka. Balbu ya zamani inatoa mwanga uliotulia. Taa zangu mpya zilikuwa zikipepesa, haraka kuliko jicho la mtu linavyoweza kuona, lakini jicho la mashine liliona na likachanganyikiwa. Tangu wiki ile namba zikaanza kushuka. Kila mtu akawa chini ya kompyuta yake, mita thelathini, mita hamsini, na vikombe vikaoshwa na nusu ya klabu.

Mwanzoni tulicheka. Halafu Monsieur Jean-Pierre, aliyekuwa akijiandaa kwa mashindano, akaamua kwamba kopo lake jipya la baruti ni dhaifu. Kompyuta inasema juu, mashine inasema chini, basi tuongeze baruti kidogo mpaka zikutane. Akaongeza. Mashine bado ikasema chini. Akaongeza tena.

Alhamisi ya tarehe 11 Februari, Maman alikuwa anafagia. Nawaomba wageni wasikilize hapa, maana hii ndiyo kazi yake haswa: hakuna mtu katika Brussels aliyeokota maganda ya risasi zaidi yake. Akainama, akaokota ganda moja la Monsieur Jean-Pierre, akaligeuza kitako juu. Kile kiwashio kidogo, ambacho hubaki na mviringo laini ukingoni, kilikuwa kimebondeka na kutandazika kama chapati. Akaokota la pili, la tatu, yote vilevile. Maganda yalikuwa yanasema moto ni mkubwa mno, wa kuweza kupasua bunduki usoni pa mtu. Mashine ilikuwa inasema moto ni mdogo. Akamtazama Monsieur Jean-Pierre, shavu limelala kwenye bunduki, jicho moja limefumbwa, anakaribia kufyatua nyingine.

Maman hakupiga kelele. Alikwenda ukutani, akabonyeza kitufe cha taa nyekundu ya kusimamisha tuneli nzima, akachomoa waya wa mashine, akauviringa, akautia kwenye mkoba wake pamoja na biblia na ile futi ya cherehani. Akatangaza kwamba mashine ni mgonjwa na haitapima mtu, na kwamba Monsieur Jean-Pierre apeleke risasi zake zote nyumbani akazivunje, atoe baruti yote. Kisha akarudi kufagia.

Mtume! Klabu iliwaka. Monsieur Jean-Pierre, mbele ya watu, ameamriwa na mfanya usafi! Yeye mwenyewe aliyatazama maganda yale, akaenda kuzivunja kweli. Lakini wengine waliandika barua, hakimu aliandika mbili, na Jumatatu tarehe 15 tukaitwa wote kwenye mkutano. Madame Yolande aliuliza maswali mawili. La kwanza, Maman atarudisha waya? Maman akasema hapana, mpaka mashine ipone, maana mashine inayodanganya ni mbaya kuliko kukosa mashine. La pili alituuliza sisi wote: je, kuna kitu chochote kilichobadilishwa kwenye tuneli tangu Noeli?

Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na friji. Sikuwa na hakika, lakini nilijua. Vile vibuyu viwili vya glasi vilinijia mbele ya macho, na glavu zangu. Nikamwona Rukiya. Nikatazama viatu vyangu, na vilikuwa viatu vya kawaida, lakini nilivitazama muda mrefu. Maman aligeuka akanitazama, kisha akarudisha uso mbele, akasema yeye hana la kuongeza.

Alinyang'anywa daftari palepale. Madame Yolande alisema, kwa upole lakini alisema, kwamba Maman atarudi kwenye kazi iliyoandikwa kwenye mkataba, na mashine nyingine itaagizwa. Maman akachukua ndoo. Kwa zaidi ya mwezi, mwanamke aliyewafundisha mahakimu kuhesabu alipiga deki mlangoni mwa tuneli huku wanachama wakiiruka ndoo yake. Wengine waliacha kumsalimu. Nilikuwa nikimbebea ndoo ya maji nikidhani nasaidia. Kila asubuhi aliniuliza neno lilelile kabla hata hajavua koti: "Bon, barua?" Nami namjibu bado, Maman. Nilidhani ni salamu.

Barua ilikuja tarehe 17 Machi. Nilikubaliwa. Nililia kwenye kaunta ya komuni, ofisi ya manispaa, ya Forest mpaka yule karani akanipa maji. Asubuhi yake Maman aliniuliza, nikamwonyesha, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, akanirudishia. Akavua aproni, akapanda kwa Madame Yolande, akaomba jaribio moja tu, Jumamosi, mbele ya wote.

Jumamosi hiyo baa ilijaa. Maman aliomba risasi za dukani, za boksi ambalo kasi yake aliiandika tangu 2008, ili asiweze mtu kulaumu baruti ya mwenzake. Akaandika kikaratasi, akakitumbukiza kwenye kopo. Akaurudisha waya. Monsieur Jean-Pierre akafyatua tano, na mashine ikasema kama mlevi: sept cent septante, sept cent nonante-cinq, sept cent cinquante, yaani 770, 795, 750. Kisha Maman akatoa mkobani kitenge kilichofungwa, na ndani yake balbu mbili za zamani. Alikuwa amezitoa kwenye pipa la taka mwenyewe, maana hakuamini kwamba mtu mwenye akili anaweza kutupa balbu nzima. Akaniomba mimi nipande ngazi. Nikapanda. Yeye akaishika ngazi.

Tano nyingine. Huit cent vingt-deux. Huit cent vingt. Huit cent vingt et un. Huit cent vingt-trois. Huit cent vingt-deux. Zote kati ya 820 na 823. Kopo likafunguliwa, kikaratasi kikasomwa: 822. Monsieur Jean-Pierre alivua kofia akaishika kifuani, na baa nzima ikapiga makofi mpaka vumbi la kiwanda cha bia likatushukia. Madame Yolande akauliza nani aliweka zile taa juu ya mashine. Kabla sijafungua mdomo Maman alikwisha jibu: sisi wa jengo na usafi, klabu ilinunua, tukaweka, limekwisha, na sasa je, tunapima au tunaongea?

Madame Yolande aliomba radhi mbele ya watu wote, nami namheshimu kwa hilo. Aprili ile Maman alipata mkataba mpya, na juu yake pameandikwa mpimaji wa kasi. Ndoo ilikwenda kwa mwingine. Tangu hapo amepima risasi zaidi ya elfu arobaini, amejaza madaftari kumi na moja, na klabu mbili za nje zimeomba ruhusa ya kuiga kopo lake la spekulo. Sote tuliamini, nami wa kwanza, kwamba siri ya taa aliigundua wiki ileile ya jaribio.

Mwezi uliopita alinikabidhi madaftari, kwa kuwa mimi ndiye nitakayepima baada yake. Nilikaa baa na kahawa, nikayapitia moja moja. Kwenye daftari la nne, pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, nikakuta mwandiko wake. Nanakili kama ulivyo.

"12 Februari. Ampoules: calculé 12, trouvé 14. Burhani njo alibadilisha. Dossier yake haiyaisha. Ngojea."

Na kurasa mbili mbele: "18 Machi. Burhani alipata barua. Leo naomba essai."

Alizihesabu ampoules, zile balbu za zamani nilizotupa. Zilizokuwa kwenye orodha zilikuwa kumi na mbili, na pipani akakuta kumi na nne. Siku ya pili tu alikuwa anajua kila kitu, hata kwamba faili langu lilikuwa bado halijaisha. Alikwenda kwenye ule mkutano akijua. Alinitazama kule karibu na friji akijua. Ningetajwa, nisingemaliza wiki. Kwa hiyo aliweka waya mkobani ili asiumie mtu, akaweka mdomo kimya ili nisianguke mimi, akachukua ndoo.

Nilikwenda nyumbani kwake na lile daftari. Papa Anaclet akafungua mlango. Maman akaliona daftari, akacheka, akaniambia hiyo ni hesabu ya zamani, nikae nile fufu kabla haijapoa. Nikala. Sikusema chochote nilichokusudia kusema.

Ndiyo maana leo nimeomba dakika tano baada ya kahawa. Nitasimama mbele ya Madame Yolande, Monsieur Jean-Pierre na mheshimiwa hakimu, nami nitayasema haya yote kwa Kifaransa, kwa mdomo wangu: taa zile niliziweka mimi, nilikisoma kile kikaratasi, na nilipoulizwa nilinyamaza. Maman atakasirika, atasema naharibu sherehe. Anisamehe. Miaka sita watu wamemwona kama mtu aliyekuwa na bahati ya kugundua balbu, na hawajajua alilipa nini.

Maman Rolande, wenzako wote wa La Perdrix tunakushukuru kwa macho yako, kwa kopo lako, na kwa wazee wetu wote ambao bado wana macho mawili kila mmoja. Upumzike na Papa Anaclet, uimbe mpaka Koekelberg wachoke, uamke saa unayotaka wewe. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha.

Na yule mwanamke wa mtandio wa kijani kwenye meza ya mbele, pamoja na wale vijana wawili warefu, ndiye Rukiya. Alifika Agosti 2011. Nimemsomea ukurasa huu jana, na ameniuliza tu kama anaruhusiwa kukaa karibu na wewe.